Bustani ya mboga mwanzoni mwa springi: maswali tunayoulizwa na ndugu waliohamia Ohio

Machi ikianza tu, simu ya nyumba yetu hapa Columbus haipumziki. Ndugu aliyefika mwaka jana ameona theluji imeyeyuka, ameona jua, na mikono inamwasha kushika jembe. Mimi nimekulia Lushoto, kwenye baridi ya Usambara. Mume wangu ni wa Uvira, na shule aliimalizia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mama yake tunaishi naye, na ndiye mkulima hasa humu ndani. Sisi wengine ni vibarua wake. Tunalima kipande cha mita nne kwa saba nyuma ya nyumba, na makosa mengi mtakayoyasoma hapa tumeyafanya wenyewe. Tarehe ninazozitaja ni za Ohio ya kati. Ukiwa kaskazini zaidi, ongeza wiki moja au mbili. Ukiwa Houston, soma haraka, maana wewe umeshachelewa.

Theluji imekwisha na jua linawaka. Nipande leo?

Nyumbani anayetoa ruhusa ya kupanda ni mvua. Masika yakikaribia unaandaa shamba, ikinyesha ya kwanza na ya pili unaweka mbegu, na joto la udongo hulifikirii kabisa kwa sababu lipo siku zote. Huku mambo yamegeuka. Maji yapo tele, ardhi imeshiba theluji iliyoyeyuka, na kinachokosekana ni joto. Jua la Machi linakuchoma shingoni huku chini ya kisigino udongo bado ni wa friji.

Chukua njegere. Udongo ukiwa na nyuzi 5 za Selsiasi, njegere hukaa chini zaidi ya mwezi kabla ya kuota. Ukifika nyuzi 10, ni kama wiki mbili. Nyuzi 15, siku tisa hivi. Kwa hiyo aliyepanda mapema sana na aliyesubiri huishia kuvuna wiki ile ile, ila mwenye haraka ana mapengo kwenye tuta kwa sababu mbegu nyingine zimeoza zikisubiri.

Tafuta kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama. Kichomeke sentimita tano hivi kwenye udongo asubuhi, siku tatu mfululizo. Ukiona nyuzi 7 hadi 10 (kwenye vipimo vya huku ni 45 hadi 50 za Farenhaiti), anza na mboga za baridi. Sisi kwa kawaida huona hivyo kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Kipimajoto hicho kikisharudi jikoni kioshe vizuri, mama mkwe alishanikemea.

Barafu ya usiku ya mwisho huanguka lini?

Hapa Columbus, kwa wastani, kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Neno la kushika ni hilo "wastani": kuna miaka barafu huja hata baada ya hapo. Wenyeji wazee hawapandi nyanya nje mpaka Siku ya Akina Mama, ambayo huku ni Jumapili ya pili ya Mei, na mimi niliwacheka mwaka wetu wa kwanza. Nikapanda miche kumi na miwili ya nyanya tarehe 20 Aprili, siku ya joto kweli, watoto wamevaa kaptula. Baada ya siku nne asubuhi ilikuwa nyeupe. Jalidi, ule umande unaoganda, ilikuwa imefunika kila kitu, na kufikia mchana nyanya zangu zilikuwa nyeusi kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Siku hizi sicheki tena.

Utasikia pia watu wakitaja namba ya ukanda, kwa mfano 6a au 6b, kutoka ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023. Ramani hiyo inaeleza baridi kali kuliko zote wakati wa kipupwe, ili ujue mti au ua gani litaishi hadi mwaka unaofuata. Haikwambii lini upande sukuma. Wanaotaka kukuuzia miche huichanganya kila siku.

Mboga gani zinaweza kutangulia?

Njegere, figili, saladi, vitunguu, karoti, kotimiri (dania kwa ndugu wa Kenya), kabichi, viazi mviringo, na kipenzi cha wote, sukuma wiki. Hizi zinavumilia usiku wenye baridi. Sukuma wala haijali barafu kidogo.

Sukuma na spinachi zinahitaji maelezo, kwa sababu majina yanatuangusha dukani. Sukuma wiki tuliyoizoea iko karibu zaidi na ile ambayo pakiti za huku zinaiita "Collards". Mbegu za Champion, Vates au Georgia zote zitakupa majani mapana ya kukatakata. Ile yenye majani ya kujikunja kama nywele ni ndugu yake, inaliwa, ila bibi wa hapa kwetu anasema ni kama kutafuna sweta. Spinachi nayo ni mtego zaidi. Tunachokiita spinachi sokoni Arusha au Nairobi, yale majani makubwa yenye shina nene jeupe, huku kinaitwa "Swiss Chard". Ukinunua pakiti iliyoandikwa "Spinach" utapata mmea mdogo wa kukaa chini, majani laini, mtamu kweli, lakini siku zikirefuka kufikia saa kumi na nne za mwanga na joto likapanda, unatoa ua na kuwa mchungu. Hapa hilo hutokea Mei. Panda vyote viwili: huo mdogo wa kula mapema, na spinachi yetu ya kukaa mpaka vuli.

Viazi ni kazi nzuri ya Aprili. Kata kiazi vipande, kila kipande kibaki na macho mawili, viache vikauke siku moja au mbili, kisha fukia sentimita kumi chini, hatua fupi kati ya kimoja na kingine. Nunua viazi vya mbegu. Vya kula mara nyingi hunyunyiziwa dawa ya kuzuia kuchipua.

Na mchicha? Lengalenga? Terere?

Ni mmea mmoja, majina matatu, na jibu ni moja: subiri. Mchicha ni mtoto wa joto. Unataka udongo wa nyuzi 18 na kuendelea, yaani mwisho wa Mei. Hali kadhalika bamia, nyanya chungu, matembele na maboga tunayoyalima kwa ajili ya majani. Maharage yanaweza kutangulia kidogo, udongo ukifika nyuzi 15 au 16.

Ndiyo maana nawaambia watu waigawe bustani mara mbili kichwani: mkono wa kwanza ni mboga za baridi, Aprili, mkono wa pili ni mboga za kwetu, mwisho wa Mei. Njegere na figili zikimaliza, mchicha unaingia pale pale. Anayepanda vyote siku moja huishia kulaumu mbegu.

Kwa kisamvu, au sombe, nawaomba radhi. Mhogo unahitaji miezi mingi ya joto na barafu moja inauua. Kuna watu wanaufuga kwenye ndoo na kuuingiza ndani Oktoba kama mgonjwa. Sisi tunanunua sombe iliyogandishwa kwenye maduka ya Waafrika na kutumia nafasi ya bustani kwa kingine.

Jambo moja la kufurahisha: ifikapo Juni utaona mchicha wa porini umejiotea wenyewe kwenye matuta yako na kwenye nyufa za maegesho ya magari. Majirani zetu huung'oa na kuutupa. Ukiwa mchanga, unaliwa kama mchicha mwingine, mradi umeota kwako na una hakika hapajapigwa dawa ya magugu. Wa pembeni mwa barabara uache.

Dada yangu anakuja kutoka Dar mwezi huu. Aje na mbegu?

Mbegu za kupanda kuingia Marekani zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na lazima azitaje kwa ofisa wa forodha uwanja wa ndege. Akizificha kwenye kanga, zitachukuliwa na anaweza kupigwa faini. Mbegu za mchicha, bamia na hata nyanya chungu zinapatikana huku, hazina haja ya kumponza mtu.

Hata zikiingia kihalali, kuna zitakazokuangusha. Mbaazi za kienyeji za kwetu husubiri siku fupi ndipo zitoe maua. Kwetu, karibu na ikweta, usiku na mchana karibu havipishani mwaka mzima. Hapa mwezi Juni mwanga unafika saa kumi na tano. Mbaazi inakaa inanenepa, inarefuka kupita uzio, na inapoanza kufikiria maua ni vuli, barafu imefika. Bibi alisubiri mbaazi zake mwaka mzima mmoja. Tulipata kuni.

Nichague sehemu gani ya uani?

Hapa jua halipiti utosini kama kwetu. Limelala upande wa kusini muda wote, zaidi miezi ya baridi, kwa hiyo ukuta wa kaskazini wa nyumba hukaa kivulini. Chagua upande wa kusini ukiweza. Mboga za majani zitaridhika na saa nne au tano za jua. Nyanya na bamia zinataka sita hadi nane.

Mwezi wa Machi una uongo wake. Miti haina majani, uani pote kunang'aa, unachagua mahali unafurahi. Juni ule mti mkubwa wa jirani umevaa, na bustani yako imo chumbani. Sisi tulihama mara moja kwa sababu hiyo. Kabla ya kuchimba, tazama juu, hesabu matawi, waza majani. Na ukikuta mti wa wolnati nyeusi, kaa mbali nao: mizizi yake hutoa kitu kinachonyausha nyanya na biringanya.

Halafu kuna mawili ya usalama ambayo sifanyi nayo mzaha. Kwanza, kabla ya kuzamisha beleshi, piga 811 siku chache za kazi kabla. Ni bure, na watakuja kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya zinapopita. Pili, kama nyumba ilijengwa kabla ya mwaka 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani, udongo wa karibu na kuta unaweza kuwa na risasi iliyobambuka na kuanguka miaka yote hiyo. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, ubongo wao bado unajengeka. Peleka udongo ukapimwe maabara. Mkiona una risasi, au hamjapima, jengeni kitanda cha mbao juu ya ardhi na mjaze udongo wa kununua. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1950. Tulipima, na hatupandi chochote hatua tatu kutoka ukutani.

Udongo wetu ni mfinyanzi mtupu. Tuanzie wapi?

Msianze ukiwa umelowa, hilo ndilo la kwanza. Chota mkono mmoja, finyanga donge, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likivunjika, chimbeni. Likibonyea kama ugali, rudini ndani mnywe chai. Mfinyanzi ukichimbwa ukiwa na maji hukauka mabonge ya matofali na mtapambana nayo mpaka Agosti. Mume wangu alishindwa kusubiri mwaka mmoja. Mabonge yake tuliyapanga ukingoni kama mapambo, na bado yapo.

Dawa ya mfinyanzi ni mboji, kila mwaka, unene wa vidole vitatu juu ya tuta, uichanganye kidogo tu. Ukipata samadi ya mfugaji, uliza ina umri gani. Samadi mbichi ni hatari kwa mboga zinazogusa ardhi. Kanuni ya kilimo hai huku ni siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mboga hizo, na siku 90 kwa zile zinazoning'inia juu. Ukiiweka Aprili huwezi kuvuna saladi Juni. Samadi mbichi iwekeni vuli, ilale chini ya theluji. Springi tumieni iliyooza ikawa nyeusi na haina harufu.

Mchanga msiongeze. Kila mtu hupata wazo hilo, na mfinyanzi ukichanganywa na mchanga kidogo hukaribia saruji.

Lazima kuotesha miche ndani ya nyumba?

Kwa nyanya, pilipili na nyanya chungu, ndiyo, au ununue miche Mei. Kwa sukuma ni hiari, ila ukiisia ndani wiki tano kabla ya kuitoa, utakula mapema.

Dirisha halitoshi. Miche ya dirishani hurefuka kama wanafunzi wa bweni, myembamba, imeinama upande mmoja. Taa ya kawaida ya LED ya gereji inafaa: ining'inize sentimita tano hadi saba juu ya miche, iwake saa kumi na nne hadi kumi na sita, usiku izimwe. Yetu iko besimenti, chumba cha chini ya nyumba, juu ya meza ya zamani ya kupigia pasi.

Kuhamia nje ni lazima taratibu. Siku ya kwanza saa moja kivulini, ya pili saa mbili, na kuendelea kwa siku saba hadi kumi. Mche uliozaliwa besimenti haujawahi kuona upepo.

Familia nzima inataka kusaidia, na kila mara tunaishia kugombana. Nyinyi mnafanyaje?

Tunagombana pia. Lakini tumepata mpango unaopunguza.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza kavu ya Aprili. Mume wangu na kijana wetu wa miaka kumi na tano wanageuza udongo kwa uma wa shambani. Hawa wawili wakipewa mbegu wanazimwaga, wakipewa kazi ya nguvu wanashindana, basi bustani inageuzwa kwa muda wa saa mbili tu. Mipaka hukubaliwa jana yake, kwa kamba na vigingi, maana mume wangu anazipenda nyasi zake na mama yake kila mwaka hunyemelea nusu mita zaidi. Kamba imeleta amani kuliko mazungumzo.

Bibi anapiga matuta. Hakuna anayemgusa. Anayanyoosha kwa mgongo wa reki, anarudi nyuma, anatazama, anarekebisha, na ukisema "Mama, yametosha" anakuambia kwamba hata Nyarugusu, nyuma ya kibanda, alikuwa na matuta yaliyonyooka.

Watoto wadogo wanapewa mbegu kubwa. Njegere na viazi ni za mkono wa mtoto: kidole mpaka kiungo cha kwanza, mbegu ndani, fukia, piga pasi kwa kiganja. Kamwe usimpe mtoto wa miaka mitano mbegu za karoti. Ni kama vumbi, atazimwaga zote sehemu moja na utapata msitu wa nywele. Figili mpeni, hata kama haliwi sana nyumbani, kwa sababu inaota ndani ya wiki na kufikia siku ya ishirini na tano hadi thelathini imeiva. Mtoto anahitaji ushindi wa haraka, la sivyo hutamwona tena.

Binti yetu wa miaka kumi na mmoja hapendi udongo kwenye kucha. Sawa. Yeye ni karani: anaandika daftarini nini kimepandwa wapi, tarehe gani, udongo una joto gani, na anatengeneza alama kwa vijiti vya aiskrimu. Tulidharau daftari hilo mwanzoni. Sasa ndilo linaloamua mabishano yote, kwa sababu kila mmoja anakumbuka mwaka jana kwa namna inayompendeza.

Alama hizo ziandikwe na ziwekwe siku ile ile ya kupanda. Shangazi yake mume wangu alitutembelea Aprili moja, akaamka alfajiri kutusaidia kupalilia kabla hatujaamka, kwa upendo mtupu. Alipalilia karoti zote. Unamlaumuje shangazi? Tulimshukuru, tukamtengenezea chai, tukapanda upya alipoondoka.

Kumwagilia tumegawa kwa siku, na kila mtoto ana tuta lake lenye jina lake. Tuta la mtu likikauka, anaonekana. Baada ya saa kusogezwa mbele, Jumapili ya pili ya Machi, jioni zinakuwa ndefu; mwishoni mwa Aprili jua linazama saa mbili na robo usiku, kwa hiyo hata aliyetoka kazini zamu ya mchana anapata nusu saa ya kushika jembe. Msisahau tu kwamba mbegu zinataka maji kidogo mara kwa mara. Mwanangu wa pili aliwahi kuelekeza mpira wa maji kwenye saladi kama zimamoto.

Mama mkwe hataki kusikia habari za kipimajoto. Nimwambieje?

Usimwambie. Mpe tuta moja apande atakavyo, siku atakayo, wewe panda lako kwa joto. Bibi wa kwetu alitupa lengalenga ardhini wiki ya kwanza ya Aprili, nami nilinyamaza. Wiki tatu hakuna kitu. Mwisho wa Mei akazitupa tena, siku ya nne zikachungulia. Aliniita: "Mkamwana, udongo wa huku unalala." Tangu hapo anachovya mkono kwenye udongo kabla ya kupanda, akitoa na kusema "bado", kipimajoto kinakubaliana naye karibu kila mara.

Na kwenye mambo mengine msikilize yeye. Ni yeye aliyetufundisha kuchuma sukuma kuanzia majani ya chini na kuacha moyo, kupunguza mchicha kwa kung'oa mikubwa ya kula ili midogo ipumue, na kumwaga maji ya kuoshea mchele kwenye matuta badala ya sinki. Sayansi ya hayo maji siifahamu vizuri, ila hakuna aliyewahi kubishana naye.

Je, kuna majani ya springi ambayo hatupaswi kuyachuma?

Ndiyo, na swali hili ningependa liulizwe zaidi. Sisi ni watu wa majani: tukiona jani bichi, pana, limetoka ardhini lenyewe, tunafikiria karanga. Ukihamia nyumba yenye bustani ya zamani, moja ya mimea ya kwanza kuchomoza ni rhubarb, mashina mekundu na majani mapana yanayofanana kabisa na spinachi yetu. Mashina ndiyo wanayopikia vitafunwa vya sukari. Majani yana sumu, asidi ya oksaliki kwa wingi, na kuyachemsha hakuyaponyi. Msile.

Kuna pia maua ya njano ya Aprili yaitwayo daffodil. Vitunguu vyake chini ya ardhi vinafanana na vitunguu vya kula, na majani yake machanga hudhaniwa ya kitunguu. Yote ni sumu. Waambieni wageni na wazee kabla hawajaingia uani na kisu. Mnavu wa porini nao una ndugu wabaya. Kama huujui mmea kwa hakika, panda wa mbegu ya kununua.

Tumepanga ghorofani. Tuna baraza tu.

Ndoo za lita ishirini zilizotobolewa chini, udongo wa vyungu wa dukani (wa ardhini utashikana), sukuma mbili kila ndoo. Zinakauka haraka, zimwagilieni kila siku kukiwa na joto. Mkitaka kulima ardhini, ulizeni bustani za jamii mtaani kwenu mapema, Januari au Februari, kwa sababu vipande huisha kabla ya theluji kuyeyuka. Mwenye nyumba mwombeni ruhusa kwa maandishi.

Kadi ya chakula ya EBT inanunua mbegu?

Ndiyo. SNAP, mpango wa serikali wa msaada wa chakula unaotumia kadi hiyo, inaruhusu mbegu na miche ya mimea inayozaa chakula, katika duka lolote linalopokea kadi hiyo. Maua hapana, wala udongo, wala jembe.

Sungura wamekula njegere zote usiku mmoja!

Karibu Ohio. Waya wa kuku wenye matundu madogo, urefu usiopungua sentimita sitini, sehemu ya chini ifukiwe au ikunjwe kuelekea nje wasichimbe. Zungushia siku ile ile ya kupanda; sungura wa Aprili hawana kitu kingine cha kula. Mume wangu alipendekeza kuwageuza kitoweo. Watoto walimpigia kura ya hapana.

Simu imetangaza barafu usiku wa leo na miche iko nje. Nifanye nini sasa hivi?

Mwagilia udongo mchana au jioni mapema; udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Kabla giza halijaingia, funika kwa shuka kuukuu, ufike mpaka ardhini pande zote, ili joto linalopanda kutoka chini lisitoroke. Weka vigingi shuka lisilalie majani, na mawe pembeni. Nailoni usiitumie ikiwa inagusa majani, maana pale inapogusa ndipo panapoganda. Asubuhi jua likipanda ondoa, la sivyo utazipika.

Njegere, figili na sukuma zilizokwisha kuzoea nje hazihitaji shuka kwa barafu ndogo. Nyanya zinalihitaji, na hazikupaswa kuwa nje, lakini hilo tutaongea kesho. Usiku kama huo uani kwetu kunakuwa na shuka mbili, pazia moja la zamani na kitenge cha bibi ambacho anakitoa mwenyewe na kukihesabu asubuhi.

Tutakula lini?

Figili mwanzoni mwa Mei. Spinachi ile ndogo, siku 40 hadi 45 tangu kupanda. Njegere Juni, kama zitafika jikoni. Zetu huishia mdomoni mwa watoto pale pale tutani. Sukuma iliyoatikwa katikati ya Aprili huanza kuchumwa mwisho wa Mei, na usiing'oe vuli ikifika. Barafu za Oktoba huigeuza tamu kuliko ilivyokuwa majira yote ya joto. Mwaka jana tulichuma ya mwisho Novemba, theluji imekaa juu ya majani, bibi amevaa koti la mume wangu na viatu vya kijana, anakunguta kila jani kabla ya kulitia kwenye beseni.